Pumzi Kabla ya Fidla

Ushirombo,
18 Februari 2024

Mwanangu Epifania,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini makontena ya bandari kavu ya Isaka bado hayajakumeza. Hapa tu wazima. Mahindi yamepata mvua ya kutosha, kuku wa jirani wameyapata mahindi, na mimi nimewapata kuku wa jirani. Kesi iko kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Sufiani atakupa kifurushi pamoja na barua hii. Usikifungue getini mbele ya madereva wenzake. Ndani kuna ile santuri ya fidla niliyoipata Geita kwa yule injinia wa mgodini aliyekuwa anafungasha kurudi kwao. Nilimpa majogoo wawili, akanishukuru kama vile mimi ndiye niliyepunjwa. Leo Salehe wa Shinyanga ananiandikia kuwa yuko mkusanyaji huko Uswisi anaitafuta kwa udi na uvumba, kwa kuwa zilitolewa chache na kampuni yenyewe ilishakufa. Anachongoja ni neno langu tu. Unawajua wateja wa Salehe. Hawagusi santuri ya Baroki, muziki ule wa kale wa Ulaya, mpaka waione karatasi yenye mwandiko wangu, inayosema nimeisikiliza mwanzo hadi mwisho, na kama ina mkwaruzo, uko wapi na unalia vipi. Nimewaandikia karatasi hizo miaka mingi, na hakuna aliyewahi kurudisha mzigo.

Kabla haijaondoka nataka uisikie. Utaratibu ni ule ule wa nyumba yetu: santuri ikizunguka, hakuna kusema. Zima simu. Mwenye neno aliandike kwenye karatasi, alitie ndani ya jalada. Marehemu mama yako aliniomba chumvi kwa karatasi, wewe uliomba ruhusa ya kwenda chooni kwa karatasi, na hakuna aliyedhurika. Anayepiga ni mwanamke, yuko peke yake kanisani, hana kinanda wala mwenzake wa kumsindikiza. Kabla ya kila wimbo anavuta pumzi. Asiyeisikia pumzi hiyo hajasikiliza, amekaa tu karibu na mashine.

Niandikie ulichosikia, chote, upande wa kwanza na wa pili. Usinibanie.

Kanisani nimemwachia Sostenes kinanda tangu Noeli. Vidole vyangu vimekuwa vizito. Usianze kunitafutia hospitali. Wala usijisumbue kupiga simu, mtandao wa huku umeharibika kabisa. Andika.

Baba yako,
Gelasius

*

Isaka,
2 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Santuri ilifika salama. Nimechelewa kujibu kwa sababu malori ya Kigali yalikwama mizani na lawama zote zikaja dirishani kwangu.

Nimeisikiliza Jumapili. Pumzi nimeisikia, Baba. Mara ya kwanza nilidhani kuna mtu ameingia chumbani. Halafu fidla ikaanza chini, polepole, kama mama anayetembea gizani asiwaamshe watoto. Wimbo wa pili unakimbia, nikashangaa mtu mmoja anawezaje kupiga sauti mbili zinazojibizana. Ule wa mwisho wa upande wa kwanza ulinitoa machozi na sijui kwa nini, kwa kuwa siyo wa huzuni.

Upande wa pili nao ni mzuri.

Nimeifunga kwenye pamba ya Mhunze kama ulivyonifundisha, na Sufiani ataibeba kwenye kiti, siyo kule nyuma. Jambo lingine. Sufiani anasema alikupigia honi pale barabarani mbele ya parokia mpaka watu wa sokoni wakageuka, lakini wewe hukugeuka. Ulivuka taratibu mbele ya semi yake, akafunga breki hadi utingo akajigonga kioo. Umemkasirikia? Anaona aibu kukuuliza mwenyewe. Nimelala vibaya tangu aniambie.

Na simu, Baba. Jirani zako wote wanapatikana.

Mwanao,
Epifania

*

Ushirombo,
11 Machi 2024

Mwanangu,

Imerudi salama. Nimeisikiliza pande zote mbili baada ya misa. Haina doa. Ile pumzi ipo, wimbo wa kukimbia upo, kila kitu kiko mahali pake.

Mwambie Sufiani kwamba honi siyo Injili, si lazima kila mtu aigeukie. Nilikuwa na mawazo yangu.

Lakini nina kesi na wewe. Nilikuomba usinibanie. Upande wa kwanza umeandika vizuri, yule mama wa gizani nimempenda, nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Upande wa pili umeupa sentensi moja, kama karani anayegonga muhuri. Una nyimbo tatu ule. Wa kwanza unaanzaje? Wa tatu unarudije nyumbani? Mtoto niliyemlea kwa santuri ananiandikia "nao ni mzuri"! Kaa chini uandike upya.

Baba yako,
Gelasius

*

Isaka,
15 Machi 2024

Kaka Salehe,

Habari za Shinyanga, na za Ramadhani? Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inakaa kaunta, na kila anayekuja kutengenezewa redio anasikiliza jumbe zako. Barua hii isome peke yako, tafadhali.

Ile santuri ya mteja wako wa Uswisi nimeiharibu. Sikuzima simu. Upande wa pili, wimbo wa tatu, simu ikaita kutoka ofisini. Niliruka kuikamata kabla haijaendelea, nyonga ikagonga meza, na sindano ikalima santuri. Nilipoirudisha ikawa inakwama pale pale. Fidla inapanda kidogo, inarudi, inapanda, inarudi, haitoki mpaka uisukume kwa kidole. Mkwaruzo ni mfupi tu, lakini Baba hahitaji mkwaruzo mrefu.

Sikumwambia. Niliifunga nikaituma, nikakaa nikingoja radi. Unamjua. Mwaka juzi alinisema wiki nzima kwa sababu ya tone la jasho lililoangukia santuri. Sasa ameniandikia kwamba ameisikiliza pande zote mbili na haina doa.

Siku ile niliposoma nilicheka kwa raha. Kisha nikakumbuka honi ya Sufiani, na ile habari ya mtandao, na kinanda alichomwachia Sostenes, nikaacha kucheka. Haiwezekani asisikie, Kaka Salehe. Asiyesikia wimbo uliokwama kwa mtindo ule atasikiaje lori?

Kumuuliza siwezi bila kujitaja mwenyewe. Na hiyo barabara anaivuka kila asubuhi kwenda misa. Mimi ndiye ninayegonga mihuri ya malori yanayopita pale, na kila ninapogonga najiuliza kama ni hili. Nakuomba uende, ujifanye umefuata biashara. Mtazame tu, kisha uniambie ukweli.

Dada yako,
Epifania

*

Shinyanga,
23 Machi 2024

Dada Epifania,

Salaam. Mfungo unaendelea vizuri, alhamdulillahi, ila jua la hapa halijui kama mtu amefunga. Barua yako nimeisoma stoo, nimeificha ndani ya redio mbovu ambayo mwenyewe hajaifuata tangu corona.

Nilikwenda Ushirombo Jumatano. Nilipiga hodi mlangoni, kimya. Nikapiga tena kwa sauti ya adhana, kimya. Mlango ulikuwa wazi, nikaingia. Mzee wetu alikuwa kwenye kiti chake, mikono magotini, macho ameyafumba. Santuri inazunguka, siyo ile ya fidla. Nikasimama kwa adabu kwa kuwa kanuni ya nyumba ile naijua, hata mimi niliwahi kufukuzwa kwa kukohoa.

Dada, ile santuri ilikuwa imekwisha. Sindano ilikuwa pale katikati karibu na lebo, inafanya krr, krr, krr. Mzee anatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliye katikati ya wimbo. Sijui nilisimama muda gani. Nikatoka nje, nikapita mbele ya dirisha mpaka kivuli changu kikamwangukia. Akafumbua macho, akanyanyua sindano, akanikaribisha kwa furaha nyingi na maneno mengi. Aliongea yeye tu. Nilipomuuliza swali alinitazama midomo.

Kuna jambo silielewi. Ile santuri ya fidla amekataa kuiuza. Nilimwonyesha barua ya mteja, nikamwandikia na bei kiganjani. Akasema haiuzwi tena na hataiandikia karatasi. Nikamuuliza sababu, akaanza habari za kuku wa jirani.

Nilipoondoka alinisindikiza hadi barabarani. Basi lilipiga honi mgongoni kwetu, mimi nikaruka, yeye akaendelea kunieleza. Nilimvuta kwa shati. Alikasirika, akidhani namharakisha.

Mwambie ukweli, dada. Mimi ni mfanyabiashara tu, yeye ni baba yako. Mficha maradhi kifo humuumbua, na pale barabarani kifo kina magurudumu mengi.

Nduguyo,
Salehe

*

Isaka,
25 Machi 2024

Shikamoo Baba,

Santuri ya fidla niliikwaruza mimi. Sikuzima simu. Ilikuwa upande wa pili, wimbo wa tatu, inakwama haitoki. Ndiyo maana upande ule niliupa sentensi moja, sikuweza kuandika juu ya kitu nilichokiharibu. Nilikudanganya na nakuomba msamaha.

Lakini wewe umeniandikia kuwa haina doa.

Baba, husikii. Nimeandika neno hili mara tatu nikalifuta, sasa naliacha. Husikii honi, husikii hodi, husikii simu, na husikii santuri. Tangu lini? Kwa nini hukuniambia? Nina hasira na wewe na nina hofu, na sijui ni ipi inayoshika kalamu hii. Usivuke ile barabara peke yako. Ijumaa Kuu kuna Njia ya Msalaba na watu ni wengi, bodaboda zinapita katikati yao kama hakuna Mungu. Omba mtu akushike mkono. Kama ni Sostenes, awe Sostenes.

Sufiani anapita kwako kesho. Mpe jibu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Epifania

*

Isaka,
3 Aprili 2024

Baba,

Sufiani amerudi leo bila barua. Anasema alikuta mlango umefungwa na jirani akamwambia ulipelekwa kituo cha afya Ijumaa. Hakujua zaidi. Nimempigia Sostenes, hapokei. Nimepiga simu ya parokia, inaita tu. Hata yako nimeipiga, Baba, nikijua kabisa huwezi kuisikia. Nimeiacha ikaita mpaka ikakata.

Barua hii naituma na basi la kwanza. Nimeomba ruhusa kazini, wamesema ningoje mizigo ya meli moja iliyoshushwa Dar ipite kwanza. Nikipata jibu baya sitangoja meli wala ruhusa.

Epifania

*

Ushirombo,
5 Aprili 2024

Mwanangu Epifania,

Mwandiko huu usikushtue. Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye bandeji ngumu, mfupa umepata ufa. Bodaboda ilinipiga Ijumaa Kuu nilipokuwa navuka kwenda kanisani, peke yangu, barua yako ikiwa mfukoni. Nilikuwa nimeisoma. Ukaidi ni wangu, sikuurithi kwako. Niko nyumbani, nakula, na Sostenes ananivusha barabara kama bibi harusi.

Ni kweli sisikii. Ilianza na ndege, niliona midomo yao inafunguka tu. Kisha sauti za watoto. Januari nilipokuambia naenda mafungo Mwanza nilikwenda kwa daktari wa masikio. Akaniandikia kwenye karatasi kuwa mishipa imekufa na vifaa vya kuvaa vitanipa makelele matupu. Nilirudi na basi nikiwa nimeificha karatasi hiyo katika kitabu cha sala. Niliogopa utanihamishia Isaka. Niliogopa watu wataanza kunisema mbele yangu huku wakitabasamu.

Sasa sikiliza habari ya santuri. Ule mkwaruzo niliujua siku ile ile. Niliuona mkono wa sindano unarukaruka mahali pamoja, kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nikapitisha ukucha, nikaupata. Nilichukua kalamu kukutandika. Kisha nikajiuliza, Gelasius, utamsema mtoto kwa alichoficha, na wewe je? Nikaandika haina doa. Ni uongo wangu wa kwanza juu ya santuri. Kumwandikia yule Mswisi uongo huo sikuweza, ndipo nikamkatalia Salehe.

Ila liko lililo baya zaidi, na nakuambia kwa sababu sina tena wa kumficha. Mwanzoni uziwi haukunitisha sana. Nilikuwa naweka santuri, naitazama inavyozunguka, nafumba macho, muziki wote unakuja kichwani kama zamani. Nilijiambia, Mungu ameniachia hazina, amechukua mlango tu. Lakini sasa vipande vinapotea. Kwanza zile okestra kubwa. Halafu vinanda. Mwezi Februari niliweka ile fidla, nikafumba macho, nikaikuta pumzi tu. Baada ya pumzi, kimya. Nilikaa pale nikilia kama mtoto aliyesahauliwa sokoni.

Ndiyo maana nilikutumia. Siyo kwamba nilitaka uisikie kabla haijauzwa, hiyo ilikuwa lugha yangu ya kiburi. Nilikuwa naomba uniandikie ili nisome niikumbuke. Ulipoandika yule mama anayetembea gizani, upande wa kwanza ulirudi, mwanangu, wote, hata zile sauti mbili zinazojibizana. Kwa upande wa pili ulinipa sentensi moja. Hukujua.

Naogopa kimya hicho kuliko bodaboda.

Njoo Jumapili ukiweza. Njoo na kalamu.

Baba yako,
Gelasius

*

Ushirombo, sebuleni,
14 Aprili 2024
(karatasi ya ndani ya jalada)

Baba, simu nimeizima, nimeiacha jikoni ndani ya sufuria. Naweka upande wa pili. Nitaandika hapa hapa inavyokwenda, wewe soma begani kwangu. — E.

Amevuta pumzi.

Wimbo wa kwanza. Unaanza juu, mkali kidogo, kama mtu aliyefika na habari na hajakaribishwa kiti. Unashuka. Unaeleza ile habari tena, safari hii kwa upole. Sasa kuna sauti ya chini inaitikia, nzito, inasema ndiyo, ndiyo, endelea. Inaisha ghafla.

Pumzi tena. Wa pili ni wa kuchezeka. Mama angeucheza huku anapepeta mchele. Mguu wa kushoto, wa kulia, anageuka. Unatabasamu, Baba. Umeupata?

*Nimeupata. Mama yako alikuwa anaucheza kweli. Endelea, usisimame.* — G.

Pumzi. Hii ni ndefu kuliko zote. Wimbo wa tatu, polepole sana. Fidla inatoka nyumbani, inafunga mlango, inapita njia ya mbali. Inauliza kitu. Hakuna anayejibu, inajijibu yenyewe. Sasa inapanda, vidaraja vitatu, inageuka kutazama ilikotoka

imekwama.

Ndipo hapo Baba. Inapanda vitatu, inageuka, inarudi chini. Inapanda vitatu, inageuka, inarudi chini. Inapanda vitatu, inageuka. Ni kosa langu. Samahani. Mkono wa sindano unaruka, unauona? Niusukume ili wimbo umalizike?

*Usiuguse, mwanangu. Naanza kuisikia. Acha irudie.*